Anayesikia Kunguru Tu

Harufu ya dagaa wanaokauka juani haitoki kwa sabuni. Nilikuwa nayo kwenye nywele, kwenye gauni, hata uji niliuonja una dagaa, msimu ule nilipovushwa ziwa kutoka Kongo, miaka ya wakimbizi, nikaachwa kwa shangazi yangu Ujiji. Asubuhi watoto wake walikwenda shule, mimi nikaenda ufukoni kuwaanika dagaa mchangani, kuwageuza, na kugombana na kunguru. Kunguru wa kwetu hawana haya: ukimfukuza mmoja, mwenzake anakula nyuma yako. Mmoja nilimwita Bwana Mkubwa, maana alitembea polepole, akashiba, na kazi hakufanya. Shangazi alisema shule inakula hela na dagaa wanaleta hela, basi sare ya nini?

Siku moja mwalimu wa kike alipita ufukoni akiandikisha watoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa na miaka minane, na nilitamani kuandikishwa kuliko nilivyotamani kula. Lakini shangazi alishanionya: mgeni akija, nisigeuke, nisijibu. "Huyu hasikii, mwalimu," akasema kwa sauti ya matangani. "Mabomu ya kwao yalimziba masikio. Utamfundisha nini, mama?" Nikakaza shingo, machozi yakinilenga. Mwalimu akazunguka nyuma yangu, akasema taratibu, "Kunguru huyo." Jamani, mazoea yana tabu. Niliruka na ufagio kabla hajafunga mdomo. Wanawake wa ufukoni walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Njia ya mwongo ni fupi, ila shangazi alitaka kuirefusha. "Ndivyo alivyo," akasema. "Anasikia kunguru tu."

Mwalimu aliliandika jina langu palepale. Jioni shangazi alinizaba kofi la sikio la kushoto, nikaanza shule sikio likitoa usaha. Hospitali sikupelekwa, kwa kuwa nayo inakula hela. Nilisoma kwa sikio moja hadi darasa la nne, masomo yakanipita, nikarudi kwa Bwana Mkubwa.

Leo nina meza ya dagaa sokoni Mwandiga. Mteja akija kulia, nauza. Akija kushoto, anaita, anangoja, anasonya, anahamia kwa jirani. Jirani yangu amejenga nyumba Katubuka kwa hela ya wateja wangu wa kushoto. Hasira ninayo bado, sitaki kudanganya. Ila mchuma janga hula na wa kwao: shangazi amezeeka, watoto wake wamehama, na anayemlisha ni mimi, kwa meza hiyohiyo. Juzi aliuliza kwa nini siku hizi mboga ni kidogo. Aliuliza mara tatu nisimsikie, mpaka mwanangu aliponigusa bega. Nikamsogezea kigoda chake upande wangu wa kulia, nikamwambia, "Haya, shangazi, uliza sasa."

Akainama, akala. Hakuuliza tena.