A ya Pili Buchani

Jina la Bi Brashi hakulipata kwa baba yake. Alipewa na mtaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta mikono yake ni safi. Hata msibani huja na rangi chini ya kucha, na akikushika mkono kukupa pole unarudi nyumbani na kidole cha kijani.

Shule alifika darasa la pili. Mwalimu alimwambia, "Somo hili utaendelea nalo nyumbani," naye akaenda nyumbani, akaendelea huko huko, hakurudi tena. Kazi alifundishwa na ndoa. Mumewe alikuwa fundi wa vibao vya maduka: mume anaandika, mke anachora. Enzi zile picha ndiyo ilikuwa kila kitu, maana nusu ya mtaa haikujua kusoma na nusu iliyobaki ilijifanya inajua. Ukiona mkasi, hapa anakaa fundi cherehani. Ukiona jino, hapa unang'olewa. Lile jino alilochora, jeupe, na mizizi yake miwili kama miguu ya mtu anayekimbia, watu waliapa kuwa maumivu yao yalikata kwa kulitazama tu. Tajiri mmoja alimwagiza kibao cha MBWA MKALI cha getini. Alichora mbwa yule mpaka mwenye nyumba mwenyewe akawa anaingilia mlango wa nyuma, na mbwa wa kweli akagawiwa kwa jirani, hakuwa na kazi tena.

Kisha mume akafa, akaondoka na tahajia yake yote. Tangu hapo Bi Brashi akawa anaandika kama sikio linavyosikia. SALUNI YA KISASSA. VIATU VYA KIKKE. Watu walielewa, wakaingia, wakanunua. Nani alikufa?

Halafu akaja yule jamaa wa mashine ya kuchapa mabango. Anabonyeza, linatoka, linang'aa, lina picha ya mzungu anacheka sijui anacheka nini. Vibao vya Bi Brashi vikaanza kushuka kimoja kimoja. Cha fundi cherehani alikikuta kimefunika pipa la maji. Lile jino zuri lilikuwa limeziba tundu kwenye banda la kuku, na kuku ameliharishia. Mtaa mzima, kazi ya mikono yake miaka arubaini, kikabaki kibao kimoja tu: cha bucha la shemeji yake, mdogo wa marehemu. Nacho kimeota kutu.

"Shemeji," akaanza yule bwana siku moja, akinoa kisu ili asimtazame usoni, "nilikuwa nafikiria, labda na mimi niende kwa yule wa ma—"

"Malizia."

"Basi."

"Malizia, nisikie. Nitundikie plastiki hapo juu, halafu siku unakufa umtafute wa kukulilia. Kibao hiki kikishuka, mimi nitakuwa nani mtaani? Kizee mwenye makopo?"

Shemeji akakata tamaa, akampa bati jipya.

Alilipiga msasa siku nzima. Akapaka nyeupe, akaacha ikauke, akapaka tena. Akamchora ng'ombe: amenona, nundu imelala upande, anakutazama kama mtu aliyesikia mnamsema. Kisha akafunga uzi uliopakwa chaki, akauvuta, akauachia, pwaa, mstari ukanyooka, akaanza kuandika kwa rangi nyekundu KARIBU SANA. Sasa marehemu alikuwa anahesabu herufi kabla ya kugusa rangi. Bi Brashi hahesabu, anakwenda tu. Alipofika kwenye A ya mwisho, nafasi ilikuwa imebaki, ya herufi moja kamili, tupu, kama pengo mdomoni. Akakaa akaitazama. Akamkumbuka shemeji anavyowaita wateja mlangoni: "Karibu sanaaa!" Akaona basi, jibu ndilo hilo. Akaongeza A nyingine. Ikajaa, ikapendeza. Kikapandishwa juu.

Siku nne hakuna aliyesema kitu. Siku ya tano akapita Miwani.

Huyu Miwani alikuwa mwalimu wa chuo cha sanaa. Mtu mwembamba, kichwa kikubwa, suruali fupi kwa makusudi, na wanafunzi sita nyuma yake kama vifaranga. Akasimama katikati ya barabara, baiskeli ikamkosakosa.

"Karibu... sanaa," akasoma. Akasoma tena. Akashika mashavu. "Mungu wangu! Mmeona?"

"Sanaa inakaribishwa, mwalimu," akasema binti mmoja.

"Wapi!" akaruka mwenzake. "Karibu sanaa, maana yake bado kidogo tu iwe sanaa. Kama mtu anavyosema karibu nifike. Hajafika!"

"Bucha linajiuliza lenyewe!" akapiga kelele Miwani. "Linatuuliza, mimi ni sanaa au bado kidogo?"

"Kilo ngapi?" akauliza shemeji kutoka ndani.

Hakujibiwa. Kesho yake wakaja kumi na wawili, keshokutwa ishirini. Wanaziba mlango, wanabishana, mmoja, na shati lake jeupe, ameegemea paja la ng'ombe lililotundikwa. Kuna waliosema ni sanaa kwa sababu inakufanya ufikiri. Kuna kijana mmoja wa ndevu nne, mbili kila upande, aliyesema haiwezi kuwa sanaa hata kidogo. "Sanaa ya kweli haitumwi dukani," akasema. "Hii imetumwa kuuza nyama."

Bi Brashi alikuwa kakaa kwenye benchi anachambua maharage. "Wewe kijana, mama yako hajawahi kukutuma dukani?"

"Amenituma."

"Ukaacha kuwa mtu?"

Wakacheka mpaka hata wale waliokuwa wanaogopa damu wakajikuta wameingia ndani ya bucha. Miwani akaja kupiga goti mbele ya benchi, na hilo goti likaingia kwenye maharage. "Mama, naomba niulize. Sana ina A moja mwishoni. Ile ya pili, uliiweka kwa makusudi?"

Ndiyo kwanza Bi Brashi anasikia kuwa kuna kosa. Masikio yakamwaka moto. Lakini uso? Mkavu kama bati. "Sasa unadhani iliruka yenyewe ikaja kukaa pale?"

Miwani karibu alie. Akasema kuna maonyesho kwenye ukumbi wa chuo, akaomba kibao kikatundikwe huko, kionekane.

"Kwani hapa hakionekani? Mbona wewe umekiona, na miwani yako hiyo kama vitako vya chupa?"

"Huko kitaheshimiwa, mama."

"Hapa kinafanya kazi. Heshima nyingine ni ipi? Simama, unaniharibia mboga."

Akadhani yameisha. Hakumjua shemeji yake. Yule bwana alikuwa amechoka na watu wanaokodoa macho na hawanunui, na watu wake wa siku zote wameshindwa kupenya. Miwani akamvuta pembeni, wakanong'ona. Asubuhi Bi Brashi anapita pale na kikapu chake, anainua macho, anakutana na plastiki.

Plastiki! Kubwa, buluu, BUCHA BORA LA KIMATAIFA, na picha ya ndama. Si ng'ombe, ndama, mwenye kope ndefu kama bi harusi na macho yaliyojaa maji. Mwenye mashine alimchagua kwa kuwa ni mzuri.

Bi Brashi aliweka kikapu chini, akatema mate upande, akachukua kikapu, akaenda zake. Mpaka leo hajamsamehe shemeji, na wala hana mpango huo.

Lakini ndama alimlipia kisasi. Siku ya kwanza mtoto wa shule alisimama chini ya bango akaangua kilio: "Mama, huyu msimkate!" Mama akamvuta mkono, wakaenda kununua maharage. Siku ya pili mzee mmoja, mla nyama wa kutupwa, mtu ambaye mboga za majani aliziita chakula cha mbuzi, alitazama juu, ndama akamtazama, mzee akakohoa, akasema leo tumbo si zuri. Siku ya tatu shemeji mwenyewe, shoka mkononi, alimwona yule ndama, akaliweka shoka chini.

Siku ya nne akaja mlangoni kwa Bi Brashi, aproni na yote.

"Hodi, shemeji."

"Hakuna mtu."

"Shemeji, nimekosa."

"Hilo linajulikana. Lipya lipi?"

"Ananitazama," akasema, na sauti ikamkatika, dume zima. "Yule ndama ananitazama. Kakirudishe kibao, nakuomba. Mimi nilikwenda chuoni, wamesema sasa ni sanaa, haishuki."

Bi Brashi akaangua kicheko cha kuanzia tumboni, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafunga kitenge vizuri, akatia kikopo cha rangi nyeupe na brashi kwenye mkoba. "Twende. Na hiyo aproni usivue. Na waone bucha lilivyo."

Ukumbi ulikuwa mweupe na baridi, watu wanatembea kwa kunyata mikono mgongoni kama wamefiwa. Kibao kilikuwa peke yake kwenye ukuta mzima, taa inamulika, kamba mbele ili usisogee. Ng'ombe wa watu alionekana kama mtu aliyekuja ugenini akasahau alichofuata. Chini yake kikaratasi cha herufi ndogo kama sisimizi. Bi Brashi akamwambia shemeji amsomee.

"Kimeandikwa... Msanii hajulikani."

"Hajulikani na nani?" Sauti ikagonga ukuta wa pili ikarudi. Mikono yote ikatoka migongoni.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, haiguswi hiyo."

"Mwanangu, hii nimeigusa kuanzia mkia mpaka pembe. Kaa pembeni usije ukapata rangi."

Miwani naye akatokea, anahema. Bi Brashi akamwambia anataka kibao chake. Miwani akaanza kufafanua, mikono inaruka kama anafukuza nzi: kwamba mambo yamebadilika, kwamba zamani kile kitu kiliwaita watu wale nyama, na sasa kinawaita wafikiri, kwa hiyo si kibao tena.

"Na yote hayo yamekaa kwenye ile A ya pili?"

"Yote, mama! Bila hiyo ni kibao cha bucha tu!"

"Asante kwa kunifahamisha."

Akavuka kamba. Mlinzi anasema "ma—", yeye kashafungua kikopo. Mara moja kushuka, mara ya pili kupanda, mara ya tatu pale kati, A ya pili haipo. KARIBU SANA. Likabaki lile pengo, jeupe, bichi, linatiririka kidogo.

"Haya," akasema. "Sasa ni kibao cha bucha tu. Kishushe."

Rangi ikadondoka sakafuni. Kisha mtu mmoja akapiga makofi. Kisha wote. Miwani alikuwa amevua miwani, machozi yanamshuka. "Sanaa imejifuta yenyewe!" analia. "Mbele ya macho yetu! Hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza!"

Bi Brashi akamtazama shemeji. Shemeji akamtazama Bi Brashi.

"Hawa hawaponi," akasema Bi Brashi. "Shika huko."

Wakakichomoa kwenye misumari. Mlinzi akanyoosha mikono, Miwani akamzuia: "Waache! Ni sehemu ya sanaa yenyewe!" Bi Brashi akakunja kitambaa kichwani, akajitwika ng'ombe wake, akatoka. Na wale nao wakatoka nyuma yake. Ukumbi wote! Wanawake wa viatu virefu, yule kijana wa ndevu nne, mpaka mlinzi, kofia mkononi, hana cha kulinda tena. Wanavuka barabara kwa mstari, magari yanapiga honi, watu wanachungulia madirishani wanauliza kuna harusi au kuna msiba. Bi Brashi mbele, rangi nyeupe inamdondokea begani, na kicheko kinamtoka kila hatua, hana habari na mtu.

Shemeji alikuwa katangulia mbio. Walipofika, ndama alikuwa chini, kichwa kimekunjwa ndani, uso haumwoni mtu.

"Na sasa inaishaje, mama?" akauliza Miwani, kalamu tayari.

"Inaisha kwa foleni. Pangeni mstari, wa mwanzo huyo aseme kilo ngapi."

Yule kijana wa ndevu alikuwa wa mwanzo. Akamtazama ng'ombe pale juu, akameza mate. "Nusu kilo," akasema. "Isiyo na mfupa." Wenzake wakamzomea, kisha wakasogea nyuma yake.

Bi Brashi alikuwa kwenye ngazi, misumari kashikishwa shemeji kwa meno, adhabu ndogo ya kuanzia.

"Niambie ukweli," Miwani hakuchoka, kasimama chini anapaza sauti. "Ulipokuwa unachora, hukuwahi kujiuliza kama ni sanaa?"

"Nilijiuliza kama pembe zitakauka kabla ya mvua. Umemaliza maswali?"

"Bado moja tu."

"Basi liulize huku umeshika ngazi. Na uishike kwa mikono miwili, hiyo kalamu iweke sikioni. Huku juu kuna mtu anafanya kazi."