Nyumba ya Bibi Iliyochafuliwa Stockholm

Nilitoka Lubumbashi kwa sababu ya simu ya shangazi yangu, Mama Odette, anayeishi Rinkeby, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm. Jumba moja la makumbusho la Stockholm lilikuwa limejenga nyumba ya kambi ya wachimba shaba wa kampuni ya Wabelgiji, zama za ukoloni, kwa kufuata picha ya nyumba walimozaliwa yeye na baba yangu. "Nimeiona," alisema. "Wamemchafua mama. Njoo uwe shahidi, si ndiyo kazi yako, mwandishi?"

Ubalozini walitaka nithibitishe kwamba nitarudi. Shaba yetu ilisafiri kwenda Ulaya miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuiuliza swali hilo.

Rinkeby nilifika jioni. Nilikula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikalala. Asubuhi tulipanda treni ya laini ya bluu hadi katikati ya jiji.

Kwenye makumbusho, msimamizi wa maonyesho, Bi Karin, alituomba radhi kwa ukoloni kabla hatujavua makoti, kisha akaleta kahawa. Nyumba yenyewe ilikuwa imepakwa masizi, sufuria zina kutu, sakafuni matambara. Uchafu huo ulitengenezwa na mtaalamu.

"Mgeni lazima aone mateso," alisema Karin. Shangazi alinitafsiria huku amekunja uso, kisha akamjibu.

"Mateso yenyewe yalikuwa usafi. Kila Jumatano mke wa bwana kambi, Mbelgiji aliyetusimamia, alikuja na glavu nyeupe. Kidole kikitoka cheusi, baba anakatiwa posho, chakula cha wiki kilichogawiwa kwa foleni, mke akionyesha cheti cha ndoa. Mama alikuwa anasugua mpaka kuni, dada yangu."

Karin alisema jambo hilo linahitaji kikao. Kikao kilifanyika, kahawa ikanywewa, na siku ya pili shangazi akaruhusiwa kusafisha. Alisugua mpaka sufuria zikang'aa. Nilimsikia akinong'ona, "Haya, mama, sasa wageni waje."

Wageni walikuja Jumamosi. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alizunguka chumba akiridhika. "Kumbe kampuni iliwatunza," alimwambia mkewe. "Hapa mjini nyumba kama hii unaisubiri kwenye foleni miaka."

Shangazi aliponitafsiria hayo, alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amemtoa mama yake kwenye uchafu, na sifa zote zimechukuliwa na kampuni.

Hakukaa sana. Aliomba glavu nyeupe ambazo wafanyakazi huzitumia kushikia vitu vya kale, akachukua sinia la maandazi ya mdalasini yaliyoandaliwa kwa wageni, akasimama mlangoni.

"Foleni," alisema. Walipanga foleni, hilo Waswidi hawahitaji kufundishwa. "Mikono." Wakanyoosha mikono. Aliyepita ukaguzi alipewa andazi. Mama mmoja aliulizwa cheti cha ndoa. Akapekua mkoba kweli.

Mzee wa kofia alikuwa na tope kwenye viatu.

"Wewe hupati. Na mkeo hapati."

"Mke wangu amekosa nini?"

"Ameolewa na wewe. Simama kule."

Wakasimama kule. Mzee akauliza, kwa adabu, malalamiko yanapelekwa wapi.

"Kwangu," alisema shangazi.

Nilirudi nyumbani Jumanne. Nilikuwa nimezoea kuandika kambi kwa kiboko na vumbi, kwa sababu ndivyo wahariri wanavyopenda. Sasa naandika hivi: kwenye sinia yalibaki maandazi tele, mtoaji alikuwa mwanamke mmoja wa umri wa bibi, na yule mzee, raia huru katika mji wake mwenyewe, aliinama, akafuta tope la viatu vyake, kisha akaanza kumfutia mkewe vyake.