Kitanda cha Dirishani

Egbert Wolding alikuwa fundi bomba wa kijiji kimoja cha mkoa wa Drenthe, mtu wa maneno machache. Ukimuuliza raha ya maisha yake ilikuwa nini, angekujibu kwa neno moja tu: karavani. Kinyumba hicho cha magurudumu alikinunua kikiwa kimechoka, mwaka ambao binti yao Jantien alianza kutembea, akakifufua kwa mikono yake mwenyewe. Kila kiangazi alikifunga nyuma ya gari na kukivuta kupitia Ubelgiji hadi pwani ya Brittany, Ufaransa, ambako maji yakipwa watoto huenda miambani na ndoo zao kuokota kome. Kazi yake ilikuwa kuvuta. Mengine yote yalikuwa ya mkewe, Geesje.

Geesje alikuwa akianza kupanga safari theluji ingali juu ya mapaa. Alijua shuka zipi zinakauka upesi na mtoto yupi hutapika barabarani. Alibeba viazi, siagi ya karanga na kahawa kutoka nyumbani, kana kwamba Wafaransa hawajui kula. Zamani Jantien alimwonea aibu mama yake kwa vile viazi. Sasa alikuwa na watoto wake wawili, Fenna na Joris, na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu kuuliza kama mwaka huu viazi vitatosha.

Maana mwaka huu walikuwa waende wote pamoja. Egbert ndiye aliyeamua, mara tu daktari aliposema kwamba dawa zimefikia mwisho wa uwezo wake kwenye mapafu ya Geesje. Jantien na mumewe wangelala kwenye hema, wajukuu ndani ya karavani na babu na bibi. Alikodi kiwanja cha kuegeshea kambini, kilicho karibu na mabafu, ili Geesje asitembee mbali. Moyoni alijiambia kwamba akimfikisha baharini tu, ugonjwa utatulia kidogo. Hakuwahi kumuuliza mkewe kama naye aliona hivyo.

Mwezi wa tatu walikwenda kuifagia karavani, iliyokuwa imelala majira yote ya baridi kwenye ghala la Harm, mfugaji wa ng'ombe. Harm alizipanga karavani za wateja wake kwa zamu ya kutoka, ya kwanza kuondoka karibu na mlango.

“Yako iko mbele, jirani,” alisema. “Nikiiweka nyuma, utakuja kulala humu humu na ng'ombe ukingoja itoke.”

“Ng'ombe watahama,” Geesje alisema. “Hujamsikia anavyokoroma huyu.”

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichotaka kwisha. Harm akaangalia viatu vyake vya mbao, kisha akasema ana ndama wa kumwangalia.

Ndani ya karavani mlikuwa na harufu ya nyasi kavu na baridi. Geesje aliketi kwenye benchi bila kuvua koti, akamwambia Egbert asikilize. Akaanza kuwapangia watu vitanda, kama alivyofanya kila mwaka. Joris atalala hapa kwenye benchi, kwa sababu anaanguka. Fenna anaogopa mvua ikipiga bati, basi yeye atalala kwenye kitanda cha dirishani, ubavuni mwa babu yake.

Egbert alikuwa akifuta kioo. Akaacha. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Geesje tangu mwanzo.

“Na wewe?”

Geesje alinyoosha kona ya godoro kwa kiganja.

“Nimeuliza utalala wapi.”

“Egbert. Mimi sitakuwepo. Na wewe unajua.”

Egbert alisema basi hawaendi. Atampigia Jantien jioni ile ile, atakirudisha kiwanja, na karavani anayeitaka aichukue.

“Ukifanya hivyo, nitakuwa nimewaharibia watoto kiangazi chao,” Geesje alisema. “Sitaki wanikumbuke hivyo.”

Egbert akatoka. Akazunguka karavani akikanyaga kila tairi, ingawa yote yalikuwa mazima na mwenyewe alijua. Kupitia dirisha aliona kisogo cha mkewe, kofia ya sufu imemshuka hadi shingoni. Geesje hakugeuka kumtafuta. Alikuwa akimsubiri tu, kama alivyomsubiri kila mara Egbert alipokuwa akihangaika na kamba za turubai na kukataa kusaidiwa.

Alipoingia tena hakukaa. Alisimama mlangoni, macho chini.

“Huyo Fenna anarusha mateke usingizini.”

“Muwekee mto katikati.”

“Mto gani?”

“Ule mrefu. Uko chini ya benchi.”

Akapiga magoti, akautoa. Kisha akauliza shuka ziko wapi. Akauliza kahawa kiasi gani inatosha watu wazima watatu, si wanne tena, na Geesje hakumsahihisha hesabu; akauliza chandarua cha mlango kinafungwaje. Mambo ambayo miaka yote hakuwahi kuyauliza, kwa kuwa yalikuwa yakitokea yenyewe. Geesje alijibu moja moja, akipumzika katikati. Pumzi zilipomwishia kabisa, alianza kuonyesha kwa kidole, na Egbert akafuata kile kidole, akifungua kabati baada ya kabati.