Balagha ya Ustadhi Nasibu

Kwenye machimbo nje kidogo ya Geita, Ustadhi Nasibu alifundisha balagha, elimu ya Kiarabu ya kusema kwa ufasaha, na wallahi mtu huyo alijua kusema! "Ukisema Bhoke ni kama simba, hiyo tashbihi," aliwaambia wanafunzi wake. "Ukisema simba kaingia, na aliyeingia ni Bhoke, hiyo istiara. Ukisema sufuria yake haipoi, ukimaanisha ni mkarimu, hiyo kinaya." Amri tupu aliidharau. Amri ni ya ng'ombe, alisema, binadamu hudokezwa.

Wanafunzi walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mwanawe wa pekee, Maige, aliyekuwa akishuka duarani, shimo la wachimbaji, kuchimba dhahabu asubuhi, jioni akija darasani na vumbi mpaka kwenye kope. Wachimbaji nao walimtumia ustadhi kwa njia yao. Duara likimfukia mtu, Nasibu ndiye aliyetumwa kwa mjane, maana ulimi wake ulikuwa laini. Ikawa wanawake wakiona kanzu yake inakuja mchana, wanakimbia. Kazi gani hiyo, jamani!

Jumanne moja kulikucha mvua ikinyesha. Mkewe, Mageni, akamshika mkono. "Baba Maige, udongo umelowa. Mkataze mtoto asishuke leo. Wewe anakusikia."

Nasibu akamwita kijana. Akafikiri, akachagua, akasema: "Mwanangu, ardhi ikilewa haimjui mgeni."

Maige akacheka kwa furaha. "Hiyo istiara, baba! Tena tamu." Akachukua tochi yake akaenda zake. Na Nasibu, Mungu amsamehe, akabaki anatabasamu kwa kule kusifiwa.

Saa sita akaja Chacha, msimamizi wa duara. Akasalimia, akaulizia mbuzi, akakaa, akainuka tena. Wenzake walikuwa wamekwisha kuutoa mwili wa Maige chini ya kifusi.

"Ni mwanangu?" Nasibu aliuliza. Chacha akaanza kulia.

Mageni alikuwa uani anapepeta mahindi. Alipomwona mumewe amesimama, na Chacha nyuma yake anajifuta machozi, ungo ulimponyoka.

"Ulimkataza?"

"Nilimwambia, mama Maige."

"Ulimwambiaje?"

Akamwambia. Mageni alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama usoni.

"Usishuke," alisema. "Neno moja tu, Nasibu. Lilikushinda nini?"