Mahali Kamba Ilipokuwa

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na mali niliyo nayo nimeichimba. Nasema kuchimba kwa maana ya jembe na sururu. Visima vingi vya mkono kuanzia chini ya Sagalla hadi nje ya mji wa Voi nilivitoboa mimi, na kutoka humo nikajenga vyumba vya kupangisha mjini. Kimoja amekipanga binti wa bara anayefundisha vijana kuchora katuni zinazotembea, kwa kompyuta. Wenyewe wanaita animesheni. Mimi nilidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Siku moja nilienda kuangalia bomba lililokuwa likivuja, nikawakuta wanafunzi wametoa macho kwenye skrini. Somo lilikuwa mpira unaodunda. Sekunde moja inakatwa picha kumi na mbili, na katika kila picha unauchora mpira upya, umesogea kidogo. Ukizipitisha haraka, jicho linaona mpira unaanguka. Lakini mipira yao ilikuwa ikishuka mwendo mmoja, kama puto.

"Huo haujaanguka," nikasema kutoka mlangoni. "Huo umebebwa."

Wakacheka. Mmoja mwenye rasta akaniuliza, "Buda, umekuja kwa bomba ama umekuja kutufunza?"

"Yote mawili. Wewe umewahi kudondosha jiwe kisimani?"

Hakuwahi. Mimi nimedondosha mengi, nikisikiliza kina. Jiwe likitoka mkononi ni kama linasitasita, halafu linakubali, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyozidi kukimbia. Binti akanivutia kiti, akanipa kalamu yake. Juu ya kile kioo nikachora nilichokijua: juu picha zimebanana, chini zimeachana. Akaipitisha. Mpira ulianguka kama kitu chenye uzito.

"Mzee, nani alikufundisha?"

"Shimo."

Nilijisikia mkubwa siku hiyo, sitaficha. Wiki iliyofuata nilirudi na hakuna bomba lililokuwa likivuja.

Sasa niseme kilichonirudisha. Ndugu yangu mdogo alifia ndani ya kisima tulichokuwa tukichimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Yeye alikuwa chini, mimi juu. Kamba ya katani ilifungwa kiunoni mwake, na ncha ya pili hushikwa na mtu wa juu. Ukuta ulibomoka ukamfunika. Siku ya mazishi mjane wake aliniuliza, "Kamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikamjibu, "Mkononi mwangu."

"Na hukuvuta?"

"Nilivuta. Mchanga ulikuwa na haraka."

Hakuniamini. Kijana wake mkubwa nilimfundisha kazi, na leo ndiye anayeshuka visimani mahali pangu. Lakini mama yake, kwa miaka ishirini na sita, hajawahi kuniambia nikae. Nikimpelekea mahindi anayapokea mlangoni. Kanisani ananisalimia kama anavyomsalimia karani wa chifu.

Mimi si mtu wa maneno. Nilipouona ule mpira nikajiambia, hapa kuna njia. Nitamchorea. Aone kwa macho yake ile haraka ya mchanga, aone kwamba hakuna mkono ungewahi, tulimalize jambo hili kabla mmoja wetu hajafukiwa nalo.

Binti hakuniuliza mengi. Alinifundisha kuanza na picha kubwa, ile ya mwanzo na ile ya mwisho, halafu kujaza za katikati. Alinionyesha jinsi picha iliyotangulia inavyobaki chini ya mpya kama ukungu, ili ujue unatoka wapi. Alasiri zangu zote za miezi miwili ziliishia kwenye kile kiti. Mgongo uliuma kuliko kuchimba. Wale vijana wakanibatiza Mzee Katuni, nami nikawaambia kwamba kucha zangu zimeona udongo mwingi kuliko shamba la babu zao.

Mchanga ulichukua picha tano. Kuanzia ufa wa ukingoni hadi kichwa kutoonekana, tano tu. Binti alinishauri niziongeze zifike ishirini.

"Inapita haraka sana, mzee. Mtazamaji hataona kitu."

"Hata mimi sikuona kitu," nikamwambia. Zikabaki tano.

Nilipomaliza aliirudisha mara tatu nne, kidole kwenye midomo. Kisha akasema, "Mchanga uko sawa kabisa. Wewe hapa juu ndiye hauko sawa."

"Nina kosa gani?"

"Umeshika kamba, na kamba imefungwa kwa mtu. Mtu huyo akiangukiwa na mzigo wote huu, kamba inakaza na wewe unavutwa. Mabega yangeenda mbele. Miguu ingeteleza. Hapa umechora nguzo, mzee. Haina uzito."

"Wewe umeshika kamba ya kisima lini?" Sauti yangu ilijaa chumba.

"Sijawahi," akasema, bila kuinua yake. "Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyeishika. Mwili wako ulifanya nini?"

Nikabeba tableti aliyoniazima, nikaondoka bila kuaga.

Siku nne nilikaa barazani kwangu nikijaribu kujichora nikivutwa. Kuvutwa nakujua, nimevuta ndoo za tope tangu sijaota ndevu. Nilichora mabega, nikachora magoti, nikachora visigino vikilima mchanga. Picha zilikuwa nzuri. Lakini kila nikizipitisha, yule pale juu alikuwa mtu mwingine. Mikono yangu haikuwa na kumbukumbu ya ule mvuto, kwa sababu haikuupata.

Kamba ilikuwa chini. Niliiweka juu ya gogo nikaenda hatua saba, kivulini, kunywa uji. Kibuyu kilikuwa mdomoni niliposikia mchanga. Nilipogeuka hapakuwa na shimo. Na baada ya hapo nimeajiri vijana wengi, na amri yangu ya kwanza kwa kila mmoja ilikuwa kwamba kamba haiwekwi chini mtu akiwa ndani. Mmoja aliiweka ili afute jasho machoni. Nilimfukuza mbele ya wenzake, nikamtukania na mama yake.

Siku ya tano nilimfuta yule mtu wa juu. Nikachora gogo, kamba juu yake, na mtu aliyegeuza mgongo na kibuyu. Picha ya tatu, kamba inachomoka kwenye gogo kuelekea shimoni. Picha ya tano, yule mtu bado hajageuka.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Sagalla. Shemeji yangu alikuwa uani anachambua ndengu kwenye ungo.

"Shemeji, nina kitu nataka ukione."

"Kama ni karatasi za shamba, msubiri kijana arudi kutoka kazini."

"Si karatasi."

Akafuta mikono kwa leso, akaipokea tableti kama mtu anayepokea sahani ya moto. Ikapita. Ni sekunde chache tu.

"Huyo ni yeye," akasema.

"Ni yeye."

"Weka tena."

Nikaweka tena, na tena. Mara ya nne akagusa kioo kwa kidole, pale kwenye gogo. "Hii ni nini?"

"Kamba."

"Iko chini."

"Iko chini, shemeji. Niliiweka mimi. Nilikudanganya."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine, nikaanza kuyatoa. "Lakini hata kama ningekuwa nimeishika, si unaona mchanga wenyewe, picha tano tu..."

"Nyamaza. Hilo sijakuuliza."

Akarudia ungo wake. Vidole vilikuwa vinatupa ndengu na kuacha mawe. Sikuthubutu kumwambia. Nilisimama pale na umri wangu wote, kofia mkononi, hadi aliponiangalia tena.

"Huyu mwanangu unayemshusha mashimoni, ulimwambia nini juu ya baba yake?"

"Kwamba nilivuta."

"Na anaamini?"

"Anaamini."

"Basi kaa," akasema, akanisukumia kigoda kwa mguu. "Utamngoja hapa. Kesho kutwa hashuki shimo lolote kabla hajajua. Na umwambie kwa mdomo wako. Hayo ya kuchora mimi nishayaona."

Kijana alifika saa kumi, beleshi begani, akafurahi kuniona nimeketi kwao. Akataka kujua kama kuna mgonjwa. Mama yake alinielekezea kidevu tu. Tableti nikaiweka chini ya kigoda. Nikamwambia avute kiti, nikaanza na uji.