Kofia ya Bwana Harusi na Bomba la Pumu

Mimi kusoma kwangu ni chuo cha Kurani tu, na kuandika huku nimejifunza ukubwani. Atakayeona makosa na asahihishe mwenyewe. Lakini habari ya pumu yangu naijua kuliko aliyesoma, maana kifua ni changu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Asubuhi moja nimesimama nangojea unga, pumzi ikanikatika. Si kuchoka, kuchoka nakujua. Navuta hewa haiingii, iliyomo haitoki, na kifuani panalia kama paka mdogo aliyefungiwa kabatini. Wanawake walionifuata kwenye foleni wakanikalisha barazani, wakaenda kumwita binti yangu, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mgeni, mrefu, Kiswahili chake kimekwisha kwenye "jambo" na "vuta pumzi". Muuguzi, msichana wa Jang'ombe, ndiye aliyekuwa akitufasiria. Daktari akanisikiliza mgongoni kwa mpira wake, akasema neno moja.

"Ni pumu, bibi," akasema muuguzi.

"Pumu ya nani?"

"Yako wewe."

"Kwetu hakuna pumu. Mama yangu kafa mkongwe hana pumu. Bibi yangu wa Bwejuu kapiga makumbi ya nazi pwani mpaka siku zake za mwisho, hana pumu. Na pumu ni maradhi ya watoto, mimi nina wajukuu. Mwambie asikilize tena."

Akamwambia. Daktari akasikiliza tena, mgongoni na kifuani, wala hakukasirika, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Anasema ni ile ile, bibi."

Nikapewa bomba: kichupa cha bati kilichotiwa ndani ya mdomo wa plastiki. Unatoa pumzi yote, unalitia mdomoni, unabonyeza huku unavuta. Mibonyezo miwili kila mara, mara nne kwa siku. Muuguzi aliona uso wangu, akanipangia kwa sala ili nisisahau: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, baada ya magharibi. Nikamwambia sala sijapata kusahau tangu nivunje ungo. Akasema, "Basi na dawa hutasahau."

Nililitumia. Kuamini sikuamini, lakini nilikuwa na kazi mkononi. Mjukuu wangu wa kwanza wa kike alikuwa anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha, na kwetu kofia ya bwana harusi hushonwa na bibi wa bibi harusi, kwa mkono wake. Mama yangu alimshonea mume wa binti yangu, na bibi yangu alimshonea mume wangu. Bafta, kitambaa cheupe cha kofia, wakati ule haikuwa ya kupatikana. Kipande nilichokuwa nacho nilikitunza sandukuni miaka mingi, na uzi wake pembeni. Viua nilikuwa nimeshavichora kwa penseli. Kiua ni kitundu unachokitoboa, ukakizungushia uzi mpaka kikaze. Kofia moja ina viua mamia, na kila kimoja kinataka mkono uliotulia. Nikiharibu, bafta nyingine hakuna. Itabidi tumnunulie kofia ya mkono wa mtu baki, na mimi nimekwisha sema mbele ya wakwe kwamba nitashona mwenyewe.

Ramadhani ikaingia. Dawa ya kuvuta mdomoni ukiwa umefunga, kwangu mimi ni kufungulia. Sikumuuliza mtu, nililijua. Nikaacha ya alfajiri, nikaacha ya adhuhuri, nikaacha ya alasiri. Lakini mimi si mtu wa kuacha nililoagizwa. Sala ikikupita unailipa, na dawa nimepangiwa kwa sala. Basi magharibi ikiadhiniwa, nafungua kwa tende na maji, nasali, nalipa zote: mibonyezo minane, mmoja baada ya mwingine.

Moyo ulikuwa ukienda mbio kama mtu anayekimbizwa. Mikono ikitetemeka hivi kwamba nikimimina uji, nusu uko kikombeni, nusu mkekani. Na mwezi ule mimi hushona baada ya futari, mchana ni wa jikoni. Siku ya kwanza nilikwenda mstari mmoja. Asubuhi nilipoutazama nikaona viua vimekwenda upogo, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, kama vimeshonwa na mtu aliyepanda punda.

"Mama, fumua," akasema binti yangu.

"Nikifumua bafta itachanika. Nyamaza."

Siku ya pili nikashindwa hata kutunga uzi. Sindano naiona, uzi nauona, mikono haikubaliani. Binti yangu akanitungia, na kutungiwa uzi mimi sijawahi tangu nina miaka saba. Nikaiweka kofia chini.

"Nshajua," nikamwambia. "Dawa inanitetemesha kwa sababu maradhi haya si yangu. Pumu ni ya mtu mwingine, mimi nimepewa dawa yake."

"Lakini mama, mbona kifua kimetulia ukishavuta?"

"Kifua kimetulia kwa sababu nimekaa."

Nikalifungia bomba sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mtetemo ukaondoka. Jioni mbili nikashona mistari minne, viua vimekaa kama nyota. Binti yangu nilimpitishia kofia mbele ya macho.

Siku ya tatu nilitoka sokoni Darajani na kikapu cha ndizi na muhogo wa futari. Nyumba yetu ni ya ghorofa, ya Mji Mkongwe, ngazi zake ishirini na tatu, zimeinuka sana, zimejengwa kwa watu wenye miguu ya ngamia. Nilipofika ya kumi na moja pumzi ikafunga. Nikakaa. Yule paka kifuani akaanza, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha. Nilitaka kuita, sauti hakuna. Nikalisukuma kapu. Likabingirika na ndizi zake mpaka mlangoni, ndipo binti yangu akasikia.

"Mama! Liko wapi?"

Nikashika pindo la kanga. Akalifungua kwa meno, akakimbilia sandukuni na ufunguo.

Nilivuta mbili tu, alasiri, na funga yangu ikaenda. Nikahesabu pumzi. Ya tano ikaingia nusu, ya kumi ikaingia yote. Kisha nikanyoosha mkono mbele ya macho yangu na kuutazama. Ulitetemeka kidogo, kama wa mtu aliyetoka kuoga maji baridi, na kabla futari haijapakuliwa ulikuwa umetulia.

Pale pale ngazini ndipo nilipolikubali neno la daktari. Halikuingia kwa mpira wake, liliingia kwa ngazi ya kumi na moja. Na jambo la pili nililiona mwenyewe: mbili hazinifanyi nililofanywa na nane.

Asubuhi yake nikarudi hospitali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwambie daktari pumu ni yangu. Na mwambie nikivuta nane natetemeka."

Muuguzi akaduwaa. "Nane? Nane za nini?"

"Nalipa za mchana."

"Bibi wee! Dawa hailipwi kama sala!"

"Nani aliyeniwekea kwa sala? Mimi au wewe?"

Alipomfasiria daktari, yule mgeni akakaa kwenye kiti chake kabisa, akashika kichwa. Akasema iliyopita imepita, mbili ni mbili, na kutetemeka kidogo ni tabia ya dawa yenyewe, si dalili kwamba nina maradhi mengine. Nisukutue mdomo baada ya kuvuta. Na nisiifungie tena sandukuni.

Kutoka hapo nikaenda kwa maalimu wa msikiti wa mtaani kwetu, maana la funga si la daktari. Akasema mgonjwa ana ruhusa, nile, siku zangu nitazilipa nikipata nguvu.

"Nizilipe zote kwa mpigo?"

Habari za bomba zilikuwa zimeshamfikia. "Hizo, bibi," akasema, "huna budi kulipa moja moja."

Nikaipanga kazi upya. Nikishavuta sishiki sindano. Nachagua mchele, nafua, napepeta, mpaka mkono utulie, ndipo nakaa kushona. Wiki tatu nikaimaliza kofia. Mstari ule wa upogo sikuufumua, nikaamua utakaa kisogoni, na kisogo cha bwana harusi nani atakitazama?

Siku ya harusi bwana harusi akaja kwetu, nikampa kofia mlangoni, akapanda ngazi akiivaa mwenyewe kwa furaha. Kaivaa nyuma mbele. Viua vyangu vya punda viko juu ya paji la uso, wageni wote wanavitazama, na wakwe wako safu ya mbele.

Yeye amesimama juu ya ngazi, mimi niko chini. Nilivuta mbili, nikapanda zote ishirini na tatu bila kusimama, nikaizungusha kofia kichwani mwake. Mikono ilikuwa ikitetemeka kidogo. Watu wakadhani ni furaha, nami sikuwasahihisha.