Darubini Aliyekula Bluberi kwa Kisasi

Ilikuwa mwaka ule ghala la matunda lilipoezekwa mabati mapya. Hapana, nasema uongo. Ilikuwa mwaka uliofuata, maana siku Darubini alipoondolewa kwenye meza ya kuchambulia mabati yalikuwa yameshaanza kuvuja.

Walimwita Darubini kwa ajili ya macho yake. Miaka kumi na tisa alichambua bluberi, vile vitunda vya buluu vyenye ukubwa wa gololi, na hakuna iliyopasuka iliyompita. Darubini ndiye aliyemtafutia shemeji yake, mdogo wa mkewe, kazi palepale, akamfundisha kushika tunda, akamgawia hata chakula chake cha mchana. Shemeji huyohuyo akaingia ofisini kusema, "Mzee macho yamemwisha." Wiki haikuisha, shemeji akawa msimamizi, cheo kilichokuwa kikimngoja Darubini, na Darubini akapelekwa uani kuosha kreti.

"Usinielewe vibaya, shemeji," alisema akifunga vifungo vya koti jipya. "Nimekupunguzia mzigo."

"Na wako nitakupunguzia," Darubini alijibu. "Nikipewa umri tu."

Umri ndio uliomtia wasiwasi, kwa kuwa presha ilikuwa inampanda. Nesi wa kliniki alimwambia apunguze chumvi, asiache vidonge, ale matunda. Aliposikia anafanya kazi wapi, akacheka.

"Kumbe unazo hapohapo, mzee wangu? Bluberi zina nyuzinyuzi, tumbo linakwenda vizuri. Zina vitamini C. Na ile rangi yake, watafiti wanasema huenda inasaidia mishipa ya damu, hata kumbukumbu. Ila ni chakula, si dawa."

"Na macho?"

"Macho kapime."

Hakupima. Alikuwa ameshasikia alichokitaka. Tangu siku hiyo, kwa miaka miwili, alichukua kikombe kimoja cha bluberi ndogondogo zilizokataliwa mezani, akakaa mkabala na dirisha la chumba cha kufungashia, akala moja moja huku amemkazia macho shemeji, kama mtu anayesoma mashtaka. Wengine hula matunda wapate afya. Yeye alikula ili amwone mtu akianguka.

"Ulimi wako umekuwa kama umelamba wino," mkewe alimwambia. "Unakula tunda au unamla ndugu yangu?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi tafuna vizuri, asije akakukaba."

Sasa, bluberi iliyoiva ina unga mweupe juu yake, mwembamba kama vumbi. Si uchafu. Ni nta ya tunda lenyewe, inayolizuia kunyauka na kuoza upesi, ndiyo maana wachambuaji hulishika kwa ncha za vidole. Shemeji alifundishwa kushika. Kwa nini, hakuwahi kuuliza. Wanunuzi wakubwa walipotangaza kuja kuchukua mzigo, akataka matunda yang'ae. Akaamuru yote yaoshwe, yafutwe kwa kitambaa.

"Huwa hatufuti, msimamizi," akasema dada mmoja mchambuaji.

"Ndiyo maana yanaonekana machafu."

Dada yule akakimbilia uani. "Mzee, mwambie. Wewe ni shemeji yake."

"Mimi ni wa kreti."

Shemeji naye akaja. "Maji ya tangi lako ni safi?"

"Safi kabisa."

"Na vitambaa?"

"Vimo sandukuni. Chukua vile laini."

Siku ya sita tangu mzigo uondoke katoni zilirudishwa, zimeota kuvu, zinanuka siki. Shemeji akavuliwa koti na kuletwa uani. Darubini akamkabidhi brashi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Kona ndizo ngumu, shemeji. Usinielewe vibaya." Kikombe cha siku hiyo kilikuwa kitamu kuliko vyote.

Meneja akamrudisha mezani. Aliketi kama bwana harusi. Lakini asubuhi nzima mkono wa yule dada, aliyekaa kando yake, ulikuwa ukiingia kwenye trei yake na kutoka. Mwishowe Darubini akaushika, akafungua vidole. Bluberi moja. Akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza tena. Akaona buluu tu.

"Imepasuka, mzee," dada akasema kwa sauti ya chini.

"Unanitolea tangu lini?"

"Tangu zamani, kabla hujaenda uani. Sote tulikuwa tunakutolea."

Saa ya mapumziko akaenda uani na kikombe kimejaa, hajaonja hata moja. Shemeji alikuwa ameinamia tangi, maji hadi viwikoni. Chuki ya miaka miwili ilikuwa bado imo kifuani mwa Darubini, nzima, ila sasa haikujua ikae wapi. Akamuuliza swali moja. Shemeji akageuza kreti upande wa pili, akaendelea kusugua. Jioni akamuuliza mkewe, naye akainuka kwenda kufunga dirisha. Alikuja kuwauliza tena mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, na hakuna aliyemjibu:

"Siku ile alipoingia ofisini, alikitaka kiti changu, au alikuwa ameona kwamba sioni?"